Kabla hujamwahidi mnunuzi "kuku wasio na dawa"

Mfugaji wa kuku wa nyama anayepeleka mzigo sokoni huulizwa uzito na bei, basi. Akitaka kuuza hotelini, supamaketi au kwenye mgahawa mkubwa wa kuku wa kukaanga, maswali huongezeka: kuku hawa wamepewa dawa gani, siku ya ngapi, kwa ugonjwa upi, na nani aliyeandika? Wengi wetu hujibu haraka, "Kuku wangu hawajui dawa kabisa." Naomba usitoe ahadi hiyo. Makampuni makubwa ya kuku huko Marekani yaliitoa, yakahangaika nayo kwa miaka, na baadhi yamerudi nyuma. Njia waliyopita ina mengi ya kumfaa mwenye vifaranga 300 Kibaha au Kiambu.

Ahadi mbili tofauti

Februari 2014 kampuni ya migahawa ya Chick-fil-A ilitangaza kwamba ndani ya miaka 5 itanunua kuku ambao hawajapewa antibiotiki ya aina yoyote maishani mwao. Ilifika huko mwaka 2019. Machi 2015 McDonald's ikaahidi jambo jepesi kidogo kwa migahawa yake ya Marekani: kuku wasipewe zile antibiotiki zinazotegemewa kutibu binadamu. Ilijipa miaka 2, ikamaliza mapema, Agosti 2016. KFC ya Marekani ikafuata Aprili 2017 kwa ahadi ya namna hiyohiyo, ikalenga mwisho wa 2018.

Ahadi ya kwanza inakataza kila kitu. Ya pili inakataza dawa za ukoo mmoja na za binadamu, lakini inaacha mlango kwa kundi linaloitwa ayonofoa: monensini, salinomisini, narasini. Hizi huchanganywa kwenye chakula cha kuku ili kuzuia kokisidia, ule ugonjwa wa mharo wa damu, na hakuna hospitali inayomtibu mtu kwa dawa hizo. Marekani inazihesabu kuwa antibiotiki. Ulaya inazihesabu kuwa dawa za kokisidia tu. Kwa hiyo mfugaji wa Marekani aliyefungwa na ahadi ya kwanza hakuruhusiwa kuzigusa, na kokisidia ikipata nafasi hukwangua utumbo, kisha bakteria wa klostridia wanaingia kwenye vidonda hivyo, utumbo unaoza na kuku wanaanza kufa kwa wingi. Mwaka 2023 Tyson, mmoja wa wauzaji wakubwa kabisa wa kuku nchini humo, iliachana na ahadi ya kwanza na kuchukua ya pili. Machi 2024 Chick-fil-A nayo ikatangaza vivyo hivyo, ikieleza kwamba inataka kuhakikisha inaendelea kupata kuku wa ubora inaoutaka.

Mimi sioni aibu katika kurudi huko. Ahadi ya "kamwe" ina hatari yake bandani: mfugaji anawaona kuku wanaumwa, anajua akiwatibu atakosa bei nzuri, anasubiri siku moja, siku mbili. Mnyama anateseka bure. Ahadi ya pili ndiyo ninayowashauri wafugaji wetu, kwa maneno haya: dawa za binadamu haziingii bandani mwangu kwa kuku mzima, na kuku mgonjwa anatibiwa.

Kama chakula chako cha kiwandani kina monensini au salinomisini, usiache punda wala farasi wakilamba hata mabaki. Dozi isiyomdhuru kuku inaweza kumuua punda. Kule ambako punda ndiye gari la maji na banda la kuku liko ua mmoja naye, gunia lifungwe na likae juu.

Kazi yote ni kabla ya dawa

Kampuni ya kuku ya Perdue, nayo ya Marekani, ilipoanza safari hii ilikuta kikwazo mahali ambapo mlaji haoni: kwenye chumba cha kutotolea. Huko Marekani yai huchomwa chanjo ya ugonjwa wa Mareki likiwa bado kwenye mashine, siku ya 18 hivi. Tundu la sindano ni njia ya bakteria, kwa hiyo ilikuwa desturi kuweka antibiotiki kama gentamisini ndani ya sindano hiyohiyo. Kuku alikuwa ameshapewa dawa kabla hajaiona dunia. Perdue ilitangaza mwaka 2014 kwamba imeacha desturi hiyo, na ili kuacha ilibidi yai liwe safi tangu kwenye kiota, mashine ziwe safi, chumba kiwe safi. Baadaye wakabadili chakula, wakaongeza bakteria rafiki wa utumbo na mimea kama oregano.

Kwetu dawa ya "mapema" hutolewa siku kifaranga anapofika. Niliingia banda la mama mmoja wilayani Mkuranga, vifaranga wana siku 3, maji kwenye vinyweshea yamegeuka manjano.

"Shikamoo mama. Haya maji yana nini?"

"Marahaba mwanangu. Dawa ya uchovu wa safari. Dukani wameniambia siku tano."

Paketi ilikuwa oksitetrasaiklini, ambayo ni antibiotiki, na vitamini. Nikaokota vifaranga 20 mmoja mmoja, nikapapasa gole kwa ncha za vidole. Gole la kifaranga aliyekula na kunywa ni laini, limejaa kama uji ndani ya puto. Saba kati yao lilikuwa tupu au gumu kama punje kavu. Jiko la mkaa lilikuwa pembeni, vifaranga wamelundikana upande mmoja wakilia, na vinyweshea viko upande wa pili kwenye baridi. Walikuwa na kiu na njaa, na hakuna antibiotiki inayotibu njaa. Tukaleta jiko katikati, tukasogeza maji na chakula karibu na joto, tukatandika magazeti na kumwaga chakula juu yake ili mlio wa midomo uwaite wengine. Maji ya manjano yakamwagwa. Jioni tulipapasa tena, na waliokuwa tupu wamejaa.

Basi kwa kundi lako lijalo, washa bruda, yaani sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga, saa kadhaa kabla vifaranga hawajafika, sakafu yenyewe iwe imepata joto. Siku za kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 34. Kama huna kipimajoto, wasome wenyewe: wakirundikana wana baridi, wakikimbilia kuta na kutweta wana joto, wakitawanyika sawasawa kila mahali umepata. Wape maji safi, na glukosi au vitamini ukipenda, lakini soma pembeni ya paketi. Paketi nyingi zilizoandikwa vitamini mbele zina antibiotiki nyuma, kwa herufi ndogo. Ukikuta kolistini, irudishe. Hiyo ni dawa ambayo madaktari wa binadamu hubaki nayo mwishoni kabisa, nyingine zote zikishindwa. Mwaka 2015 watafiti wa China walieleza jeni ya usugu dhidi yake inayoruka kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine, na 2017 nchi hiyo ikaacha kuitumia kama dawa ya kukuza mifugo. Enrofloksasini nayo inauzwa kwetu kama karanga. Marekani waliipiga marufuku kwa kuku tangu 2005, kwa sababu bakteria wa kuharisha waliotoka kwenye kuku walikuwa wamezoea dawa ya ukoo huo na kuwaumiza watu.

Sakafu inakuja baada ya joto. Maranda ya mbao au pumba za mpunga, unene wa sentimita 5 hadi 8. Chukua konzi, kamua, fungua kiganja. Yakibaki donge, yana maji mengi na mayai ya vijidudu vya kokisidia yanakomaa humo. Yakimwagika yote kama vumbi, ni makavu mno na yataumiza njia ya hewa. Yanayotakiwa hushikana kidogo kisha hupasuka. Sehemu ya kwanza kulowa ni chini ya kinyweshea, kwa hiyo kiinue kadiri kuku wanavyokua, mdomo wake ulingane na mgongo wa kuku. Usijaze banda kupita kuku 10 kwa mita moja ya mraba. Kundi likitoka, ondoa maranda yote, osha, puliza dawa ya kuua vijidudu, kisha acha banda wazi wiki 2. Najua wiki 2 bila kuku ni wiki 2 bila hela. Lakini ndizo zinazokupunguzia gharama ya dawa katika kundi linalofuata.

Chanjo hazina mjadala. Kideri, wengine mnauita mdondo, na Gumboro ni magonjwa ya virusi, na antibiotiki haina kazi kwa virusi hata ukimwaga ndoo nzima. Ratiba inayotumika sana ni kideri siku ya 7, Gumboro ya 14, kideri tena ya 21, na Gumboro ya 28 pale ugonjwa ulipokithiri, ila muulize aliyekuuzia vifaranga na afisa mifugo wa kata yako maana maeneo hutofautiana. Maji ya bomba yenye klorini huiua chanjo. Tumia ya kisima au ya mvua, changanya na maziwa ya unga yasiyo na mafuta kama gramu 2 na nusu kwa lita, wanyime kuku maji saa moja au mbili kabla, na hakikisha wamemaliza ndani ya saa 2.

Wakiumwa kweli

Watenge wanaozubaa. Chukua waliokufa asubuhi hiyohiyo, 2 au 3, wafunge kwenye mfuko, wapeleke maabara wakiwa bado wabichi. Tanzania nenda kwenye kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari kilicho karibu, Kenya iko maabara kuu ya Kabete. Kama mharo ni wa damu na ni kokisidia, amprolium inatosha, na hiyo si antibiotiki. Kama ni bakteria, daktari wa mifugo aandike dawa moja, dozi kwa uzito wa kundi, na siku za kumaliza. Maliza zote. Kuacha siku ya pili kwa kuwa kuku wamechangamka ni kuwaacha hai bakteria wale wagumu.

Kisha kuna siku za kusubiri kabla ya kuchinja au kuuza mayai, zilizoandikwa kwenye lebo. Hapa wafugaji wengi wanachanganya mambo mawili. Kusubiri kunaondoa mabaki ya dawa kwenye nyama. Hakuondoi bakteria sugu waliozaliwa wakati wa dawa. Hao wanabaki kwenye ngozi ya kuku, kwenye ubao wa jikoni, na kwenye mbolea unayopeleka kwenye mchicha. Kwa hesabu zilizochapishwa kwa mwaka 2019 pekee, watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa maambukizi yaliyoshinda dawa. Kwa kuona hatari hiyo, tangu mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshauri wafugaji waache kuwapa mifugo wazima dawa hizi ili wakue au kuzuia ugonjwa. Rundika mbolea ya banda, ifunike ichemke wiki kadhaa kabla ya kuipeleka bustanini.

Ng'ombe ni habari nyingine. Migahawa ya Marekani ilifanikiwa kwa kuku kwa sababu kampuni moja hushika mayai, chakula, mabanda na machinjio, na kuku anaishi wiki 6 au 7 tu. Ng'ombe anaishi mwaka na zaidi, anapita mikono ya watu wengi, kama wetu wanavyopita mnada hadi mnada. Mwaka 2024 wizara ya kilimo ya Marekani ilitoa matokeo ya vipimo vya ng'ombe waliokusudiwa kuuzwa kwa lebo ya "bila antibiotiki", na sampuli kama 20 kwa kila 100 zikakutwa na mabaki ya dawa. Kwa hiyo mchinjaji akikwambia nyama yake ya ng'ombe haina dawa kabisa, muulize ng'ombe huyo alitoka wapi kabla ya mnada wa mwisho.

Anza na daftari moja kwa kila kundi, litundikwe mlangoni na kalamu yake kwa kamba. Tarehe vifaranga walipofika na walikotoka. Chanjo, na namba ya chupa. Vifo vya kila siku, hata kama ni sifuri. Dawa ikitolewa: jina lililo kwenye lebo, ugonjwa, nani ameandika, siku ya kwanza, siku ya mwisho, na tarehe ya mapema kabisa ya kuuza. Bandika karatasi ya maabara kwenye ukurasa huohuo. Mnunuzi akija na swali lake, mpe daftari asome mwenyewe.