Jeep ya zamani ya vita: namna ya kuinunua na kuifufua ukiwa Lubumbashi

Hapa Lubumbashi gari lolote linalovuta kwa magurudumu manne huitwa jeep, hata Land Cruiser ya juzi iliyotoka mgodini. Mimi nazungumzia ile yenyewe ya Vita Kuu ya Pili: ndogo, haina milango, kioo chake cha mbele kinalala juu ya boneti. Wengine huandika "jipu". Sibishani nao, maana baadhi ya zile nilizoonyeshwa kwenye mitaa ya Katuba na Ruashi ni majipu kweli: ukishalitumbua, kazi yako ni kufuta usaha tu.

Nimefufua tatu, na ya nne iko juu ya matofali uani kwangu. Ile ya kwanza niliinunua kwa kusikiliza injini. Ilinguruma vizuri, nikalipa, kumbe shasi ilikuwa imeoza kwa ndani. Injini inafunguliwa ikatengenezwa. Shasi ikishaoza, umenunua mzigo wa vyuma chakavu.

Hatua ya 1: Ijue kabla ya kuuliza bei

Muuzaji atakuambia, "Papa, hii njo ile ya Wamerika ya vita. Iko muzima, inakosa tu batri." Mwitikie, kisha hesabu nafasi za wavu wa mbele. Jeep ya vita, Willys MB au dada yake Ford GPW, ina nafasi tisa. CJ-2A, iliyoanza kuuzwa kwa raia mwaka 1945, ina saba, tena ina mlango mdogo wa nyuma ambao ile ya jeshi haina. M38A1, jeep ya jeshi ya baada ya vita, ina mabega ya mviringo na umeme wa volti 24. Usisahau Hotchkiss M201, iliyoundwa Ufaransa kuanzia katikati ya miaka ya 1950. Kwa macho tu utaapa kwamba ni Willys.

MB na GPW utazitofautisha ukiinama mbele ya rejeta. Chuma kinachounganisha shasi hapo kikiwa bomba la mviringo, ni Willys. Kikiwa na pembe nne, ni Ford. Ford pia walipiga herufi F hadi kwenye vichwa vya bolti. Zote mbili kwa pamoja zilitengenezwa zaidi ya 600,000 kati ya 1941 na 1945, na tangu hapo mafundi wamezichanganya watakavyo. Ile yangu ya pili ilikuwa na shasi ya Willys, difu ya Ford na kiti cha basi. Mchanganyiko si dhambi, ila usiulipie bei ya gari halisi.

Hatua ya 2: Karatasi

Hapa sina maneno mengi. Namba ya shasi ilingane na ya kwenye karte roze (kadi ya gari), na mwenye jina hilo awepo au awakilishwe kwa maandishi. Gari lililotoka kambini bila hati ya kuuzwa na serikali, liache hata ukipewa bure. Ukitaka kuagiza kutoka nje, nenda kwanza DGDA, yaani forodha, ukaulize masharti na kodi, kabla hujamtumia mtu dola hata moja.

Hatua ya 3: Shasi

Nenda na nyundo ndogo, kamba na chaki. Pangusa udongo, ugonge shasi polepole kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia; kilichooza kinajibu kwa sauti ya gunia. Sikiliza zaidi pale springi zinaposhikia na kwenye kona za nyuma, kwa sababu vumbi letu jekundu hujaa humo kiangazi, mvua za Novemba zikianza linageuka tope linalokaa na unyevu miezi.

Kisha pima. Kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya lile la nyuma, MB ina inchi 80, karibu sentimita 203, na pande zote mbili ziwe sawa. Vuta kamba kwa mshazari, kushoto mbele hadi kulia nyuma, halafu kinyume chake. Vipimo vikipishana zaidi ya sentimita moja, gari liliwahi kugongwa au kupinduka. Mimi hapo naaga.

Hatua ya 4: Magurudumu, na hapa soma mara mbili

Jeep za vita zina nati za magurudumu ya kushoto zinazofungwa kinyume. Kulegeza, unazungusha kuelekea saa inakoenda. Kijana wangu hakujua. Aliongeza bomba kwenye spana, akaning'inia nalo, tukasikia "ta!" Akavunja bolti tatu huku akiniambia nati zina kutu. Tazama mwisho wa bolti, mara nyingi kuna herufi L.

Hilo lilitugharimu bolti tu. Hili linaua: rimu za kivita zimeunganishwa kwa vipande viwili, zikafungwa kwa nati nane. Hizo nane si nati za kutolea gurudumu. Za kutolea ni zile tano za katikati. Ukilegeza nane tairi likiwa na upepo, rimu inaruka. Toa upepo wote, toa na vali yenyewe, ndipo uguse.

Hatua ya 5: Breki na tangi

Usianze na injini, hata kama mkono unakuwasha. Breki za jeep zina njia moja tu ya mafuta: mpira mmoja ukipasuka, huna breki hata gurudumu moja. Badilisha mipira yote, fungua silinda zote. Vumbi la breki za zamani lina asbesto, kwa hiyo usilipulize kwa hewa. Lilowanishe kwa maji ya sabuni, ulifute kwa kitambaa cha kutupa. Ukitoa upepo kwenye breki, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu, yaani la nyuma kulia.

Tangi liko chini ya kiti cha dereva. La kwangu lilivuja. Nikalianika juani siku tatu, nikampelekea mchomeleaji. Lilikohoa mara moja, likavimba kama andazi, na nyusi zake zikaenda. Mvuke wa petroli haumalizwi na jua. Siku hizi naagiza tangi jipya. Vipuri vya jeep bado vinatengenezwa Marekani, Ufaransa na Ufilipino.

Hatua ya 6: Injini

Imekaa miaka? Usipige stata. Toa plagi, mimina kijiko cha oili nyepesi katika kila silinda, acha siku mbili, kisha izungushe kwa mkono. Ikizunguka, safisha kabureta na mabomba ya mafuta, weka mota oili mpya. Mpangilio wa moto, yaani zamu ya silinda kuwaka, ni 1-3-4-2. Platini (pointi za distribyuta) nazifungua milimita 0.5, plagi karibu 0.75, vali 0.4 injini ikiwa baridi. Ni injini ya lita 2.2 yenye nguvu farasi 60, na uzuri wake ni kwamba fundi mwenye seti moja ya spana anaimaliza chini ya mwembe.

Umeme wa MB ni volti 6. Wengi huhamia 12 kwa sababu betri zake ziko kila duka. Ukifanya hivyo, badilisha pia taa, koili na dainamo, la sivyo utanunua taa kila wiki.

Hatua ya 7: Bodi na rangi

Kwangua hadi chuma, ziba kwa bati la unene uleule, paka praima siku hiyohiyo. Kijani cha jeshi kinapendeza, lakini mjini kwetu raia mwenye gari la rangi hiyo atasimamishwa kila kona. Ya kwangu ni ya rangi ya mchanga, haina namba za jeshi wala nyota.

Hatua ya 8: Safari ya kwanza

Mimi huenda kilomita ishirini barabara ya Kipushi, nisizidi 60 kwa saa. Nikisimama, naweka kiganja katikati ya kila gurudumu. Vuguvugu ni sawa. Lile linalochoma, beringi imekazwa mno au breki inabana, na gari linarudi nyumbani likivutwa. Kesho yake, injini ikishapoa, nakaza tena nati za kichwa cha silinda kwa spana ya kipimo, Nm (nyutoni-mita) 80 hadi 95, nikianzia katikati kwenda nje.