Kukausha Nyama ya Ng'ombe Yenye Ladha ya Moshi Ukiwa Ughaibuni

Anayeishi ughaibuni katika nyumba ya ghorofa, yenye dirisha dogo na king'ora cha moshi darini, anaweza kutengeneza nyama kavu yenye ladha ya moshi bila kuwasha hata kijiti kimoja. Kinachoifanya nyama hiyo idumu ni ukavu na chumvi. Moshi kazi yake kubwa ni harufu na ladha, ambazo hupatikana kwa paprika ya moshi, yaani unga wa pilipili nyekundu zilizokaushwa kwa moshi, au kwa moshi wa chupa, yaani moshi halisi wa kuni uliopozwa ukawa kimiminika na kuchujwa. Mkaa usiwashwe kamwe ndani ya nyumba wala katika roshani iliyofungwa, hata baridi iwe kali kiasi gani, kwani hutoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini.

Chagua mnofu wa paja na uondoe mafuta yote yanayoonekana, kwa sababu mafuta hayakauki bali huchacha. Uweke katika friza kwa saa moja au mbili hadi ugande kidogo, ndipo kisu kitakapoweza kutoa vipande sawasawa vya unene wa milimita 5. Ukikata kwa kukingama na nyuzi za nyama utapata vipande vinavyotafunika kwa urahisi. Ukifuata nyuzi vitakuwa vigumu zaidi, na wapo wanaovipenda hivyo.

Kwa kilo moja ya nyama, changanya mililita 120 za sosi ya soya, kijiko kikubwa kimoja cha sukari, vijiko viwili vya chai vya paprika ya moshi, kimoja cha pilipili manga, kimoja cha kitunguu saumu cha unga na nusu kijiko cha chai cha moshi wa chupa. Usiongeze huo wa mwisho kwa pupa, maana ukizidi huacha uchungu unaofanana na wa majivu. Kumbuka pia kwamba kilo hiyo itabaki takribani theluthi moja ikikauka, kwa hiyo chumvi inayoonekana kuwa ya wastani sasa itakuwa kali baadaye. Acha nyama ilale katika friji usiku kucha, si juu ya meza.

Hatua inayorukwa na wengi ndiyo iliyo muhimu kuliko zote. Idara ya Kilimo ya Marekani inashauri nyama ya ng'ombe ifikishwe nyuzijoto 71 za Selsiasi kabla ya kukaushwa, kwa sababu maji yanapotoka huipoza nyama, na bakteria waliokaushwa taratibu katika joto dogo huwa sugu, wasife hata joto likipandishwa baadaye. Njia rahisi ni kuvichemsha vipande ndani ya viungo vyake kwa dakika 5 tangu mchemko uanze, kisha kuvichuja. Anayetumia oveni badala ya kuchemsha akizungushe kipande kwenye ncha ya kipimajoto, kwani kipande chembamba hakipimiki kwa kuchomwa.

Sasa panga vipande juu ya wavu bila kugusana, weka trei chini yake, na ukaushe kwa nyuzijoto 60 hivi. Mwiko uliobanwa mlangoni mwa oveni utaruhusu mvuke kutoka. Bila hivyo nyama itatokota badala ya kukauka. Kazi hii huchukua saa 4 hadi 8, nami ningeanza kukagua mapema. Toa kipande kimoja, kiache kipoe, ukikunje: kikionyesha nyufa bila kukatika, kimeiva, kikikatika, kimepitiliza.

Futa mafuta yaliyojitokeza kwa karatasi ya jikoni, na usifunike chochote kikiwa na joto. Katika chupa iliyofungwa barabara, mahali pakavu, nyama hukaa hadi wiki mbili, na katika friza miezi kadhaa. Ichungulie chupa siku ya pili: ukiona ukungu wa maji kwenye kioo, irudishe nyama kwenye oveni kwa saa moja, ukiona kuvu, itupe yote.