Laptopu imegoma baada ya apdeti: ni Windows au ni kifaa?

Juzi dada mwenye steshenari hapa mtaani aliniletea laptopu iliyobaki inazunguka tu kwenye nembo. "Kaka, hizi apdeti zimeniulia mashine." Namwelewa: usiku iliomba kuwashwa upya, asubuhi haikuwaka. Ila apdeti huandika mafaili mengi kwa mkupuo, na diski iliyokuwa inachechemea kimyakimya huangukia hapo hapo. Kwa hiyo usikimbilie kupiga Windows upya.

Hatua ya 1. Ingia BIOS (ukurasa wa mipangilio ya mashine unaokuja kabla ya Windows) uiache dakika kumi na tano. Ikizima au kuganda humo, apdeti haihusiki. Angalia chaja, rami (kumbukumbu ya muda), feni.

Hatua ya 2. Washa kwa flashi ya Linux, mfumo mwingine usio Windows. Mimi natumia aina yake iitwayo Mint, GB 8 zinatosha, na hainihitaji kusakinisha chochote. Kabla hujagusa mipangilio ya BIOS, hakikisha mwenye mashine anao ufunguo wa BitLocker (kufuli ya Windows inayofunga diski) wa tarakimu 48, maana Windows inaweza kuudai baadaye. Ikiganda hata kwenye Linux, shuku kifaa. Ikienda vizuri usishangilie bado, kwa sababu ukiwa kwenye flashi diski yako haifanyi kazi yoyote.

Hatua ya 3. Isome diski. Fungua Terminal (dirisha la kuandikia amri), andika `lsblk` kwanza uitambue kwa ukubwa wake, kwani wakati mwingine `sda` ni flashi yako mwenyewe. Kisha, ukiweka jina la diski yako badala ya `sda`:

`sudo apt install smartmontools`
`sudo smartctl -a /dev/sda`

Sehemu ya juu utaona neno PASSED. Usiliamini peke yake. Nilipoanza kazi hii nililiamini, nikapiga Windows mara tatu kwenye mashine ya mwalimu mmoja, toka saa tatu asubuhi hadi magharibi, na mara zote tatu iliganda katikati. Jibu lilikuwa chini yake, kwenye jedwali: namba 5, 197 na 198, safu ya mwisho kulia. 197 ikiwa juu ya sifuri, kuna sehemu za diski zimeshindwa kusomeka. Ya dada ilionyesha 48. Nikaanza kunakili mafaili yake, nikatazama tena: 61. Hapo nikaacha vipimo vyote, nikaokoa daftari la madeni ya wateja kwanza, picha baadaye. Diski inayokufa usiipige `chkdsk` (amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski) kabla hujaokoa kitu, utaimalizia pumzi.

Namba 199 ni habari nyingine. Mara nyingi hiyo ni kebo au kiunganishi. Chomoa, safisha, rudisha. Haishuki hata ukishatengeneza, kwa hiyo iandike mahali uone kama inaendelea kupanda. Diski za NVMe (aina ya SSD, yaani diski isiyozunguka) hazina namba hizi. Kwenye `/dev/nvme0` tafuta mstari wa "Media and Data Integrity Errors", unatakiwa uwe sifuri.

Na sifuri kila mahali? Bado endesha `sudo smartctl -t long /dev/sda`, chaja ikiwa imechomekwa. Diski ya TB 1 inayozunguka itachukua saa kadhaa. Vumilia.

Dada nilimwekea SSD, nikapiga Windows, apdeti ile ile ikaingia bila shida.

Hatua ya 4. Endesha Memtest86+, programu ya kupima rami, usiku kucha. Kosa moja tu linatosha kuishuku rami. Kama rami ni mbili, pima mojamoja.

Hatua ya 5. Vyote vikiwa salama, sasa ilaumu apdeti. Windows inapoanza kuwaka, izime kwa kitufe, rudia mara mbili tatu mpaka ije skrini ya bluu ya matengenezo. Nenda "Troubleshoot", "Advanced options", "Uninstall Updates", uondoe ile ya "quality". Ikiwaka, simamisha apdeti kwa wiki moja, kisha ijaribu tena ukiwa umeshanakili mafaili yako pembeni.