Kuchagua Matairi ya Pikipiki kwa Barabara za Goma na Kuelewa Tabia Yake

Dereva wa pikipiki mjini Goma hukanyaga ardhi za aina nyingi katika safari moja. Anaweza kuondoka katikati ya mji juu ya lami, akaacha barabara ya Sake na kuingia katika vichochoro vya Ndosho ambako magurudumu yanarukaruka juu ya makoro, yaani mawe ya lava iliyoganda, kisha akakuta changarawe nyeusi ya volkeno ambayo mvua imeisomba na kuitandaza hasa pale anapotaka kukata kona. Lava ya mlima Nyiragongo iliyofika katikati ya mji mwezi Januari 2002, na ile iliyokata barabara ya Rutshuru tarehe 22 Mei 2021, imetuachia mawe makali ambayo hayafanani na udongo wa Masisi wala na lami. Kwa sababu hiyo, anayeuliza tairi lipi ni zuri hawezi kujibiwa kwa kutajiwa jina la kiwanda peke yake. Ni lazima ajue ardhi anayoipita zaidi, uzito anaoubeba, na namna tairi linavyobadilisha mwenendo wa pikipiki mikononi mwake. Maoni yangu, ambayo nitayatolea sababu, ni kwamba tairi la mbele ndilo linalostahili kununuliwa kwa uangalifu mkubwa zaidi, ingawa wengi hulisahau mpaka liwe kipara kwa kuwa la nyuma ndilo huisha upesi.

Umbo la tairi na jinsi pikipiki inavyolala

Pikipiki ikiwa kwenye mwendo hukata kona kwa kulala upande, na ndiyo maana uso wa tairi lake umeviringika kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, tofauti na tairi la gari ambalo uso wake ni bapa. Sehemu inayogusa ardhi kwa wakati mmoja ni ndogo, pengine haizidi kiganja cha mtoto, na kila unapoilaza pikipiki sehemu hiyo huhama kutoka katikati kuelekea ubavuni. Tairi lenye uso uliochongoka kidogo huifanya pikipiki iingie kona kwa wepesi, na lenye uso ulio bapa zaidi huifanya itulie inapokwenda moja kwa moja lakini itake kusukumwa ili ilale.

Hapo ndipo penye ugonjwa unaowapata motari wengi, yaani madereva wa pikipiki za abiria, bila wao kuutambua. Tairi la nyuma linalobeba abiria kutwa nzima juu ya lami iliyonyooka huisha katikati, huku mabega yake yakibaki mazima. Ukiinama nyuma ya pikipiki na kulitazama, utaona uso uliokuwa mviringo umekuwa kama umekatwa, na pande zote mbili pana ukingo unaoweza kuuhisi kwa kidole. Pikipiki yenye tairi la namna hiyo hukataa kulala mwanzoni mwa kona, halafu inapouvuka ule ukingo huanguka ndani ya kona kwa ghafla, na dereva hulazimika kuirekebisha kwa usukani. Wapo wanaotumia fedha kunyoosha fremu isiyo na kasoro, wakati dawa ilikuwa kubadilisha tairi hilo moja.

Umbo huharibika pia pale mtu anapoweka tairi pana kuliko rimu inavyoruhusu. Pikipiki nyingi ndogo za biashara hutoka kiwandani na tairi la 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma, na baadhi ya madereva hupenda kuweka la 3.50 nyuma kwa kuamini kwamba upana huleta uthabiti. Rimu nyembamba huzibana kingo za tairi pana, kuta zake zikatuna na kunesa, na pikipiki huanza kuyumba nyuma inapobeba mzigo kwa mwendo. Isitoshe, tairi pana hutaka pikipiki ilale zaidi ili ikate kona ileile kwa mwendo uleule. Na kwa kuwa kwa kawaida tairi hilo ni refu pia, injini huhisi kana kwamba gia imekuwa nzito: anayepanda kutoka Sake kuelekea Mushaki akiwa na abiria na gunia ataona kwamba inambidi kurudi gia ya chini mapema kuliko zamani. Mimi simshauri mtu yeyote anayefanya kazi na pikipiki kuacha kipimo cha kiwanda.

Meno, mistari, na kile mikono inachohisi

Tairi la mbele lenye mistari inayozunguka gurudumu zima ndilo la kawaida kwa pikipiki za mjini. Juu ya lami ni jepesi na tulivu, na usukani hausumbui mikono. Kasoro yake hujitokeza kwenye tope, ambako mistari hujaa udongo na kugeuka uso laini, na kwenye njia zilizochimbwa na magari, ambako tairi hufuata ukingo wa mfereji hata kama wewe unataka kutoka. Anayehisi usukani ukivutwa upande mmoja katika njia kama hizo asishindane nao kwa nguvu. Apunguze mwendo, na atoke kwenye mfereji kwa pembe iliyo wazi badala ya kuupanda ukingo wake kidogo kidogo.

Tairi la meno makubwa yaliyoachana, kama yale ya pikipiki za porini zenye gurudumu la inchi 21 mbele na 18 nyuma, ni rafiki wa kweli katika udongo wa Masisi wakati wa masika. Meno huzama, hushika, na nafasi zilizopo kati yake huutupa udongo gurudumu linapozunguka. Lakini tairi hilohilo likipelekwa kwenye lami hubadilika kabisa. Mpira unaogusa barabara hupungua, kila jino hupinda unapofunga breki, na dereva huhisi mtetemo miguuni pamoja na ulegevu fulani kwenye usukani, kana kwamba pikipiki inafikiri kwanza kabla ya kutii. Lami ikiwa imelowa, umbali wa kusimama huongezeka, na kwenye kona jino linaweza kuachia bila onyo. Makoro nayo hayalihurumii: jiwe kali hupita kati ya meno na kufika pale ambapo mpira ni mwembamba, na kingo za meno humeguka vipande vipande.

Kwa mtu anayefanya kazi ndani ya mji na pembezoni mwake, tairi ninalolipendekeza ni lile la meno mafupi yaliyokaribiana, ambalo katikati yake pana mpira wa kutosha kugusa lami na mabegani pana nafasi za kushika changarawe. Haling'ai popote kama tairi lililotengenezwa kwa ardhi moja tu, lakini halikuachi peke yako popote. Anayekwenda Masisi kila siku achukue meno makubwa na akubali kwenda polepole kwenye lami. Asiyetoka kwenye lami achukue tairi la barabara lenye mifereji ya kutoa maji, kwa maana hakuna litakalomsimamisha vizuri zaidi mvua ikinyesha.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni uwiano wa mbele na nyuma. Desturi ya kuweka meno makubwa nyuma ili pikipiki isukume, huku mbele likibaki tairi la mistari lililokwisha, huzaa pikipiki inayosukumwa kwa nguvu na kichwa kisichoweza kuiongoza. Tairi la nyuma likiteleza, mwili hulihisi kupitia kiti, na mara nyingi dereva hupata nafasi ya kulegeza mkono wa mafuta na kuirudisha pikipiki. La mbele likiteleza, nafasi hiyo karibu haipo. Tena, unapofunga breki uzito wa pikipiki na wa abiria huhamia mbele, kwa hiyo juu ya ardhi ngumu gurudumu la mbele ndilo hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimama. Kwa sababu hizo, kama fedha zinatosha tairi moja tu lenye ubora, liende mbele.

Kusoma maandishi ya ubavuni

Dukani, lipindue tairi na usome ubavu wake kabla ya kuzungumza bei. Tuseme limeandikwa 3.00-17 6PR 50P. Namba ya kwanza ni upana kwa inchi, ya pili ni kipenyo cha rimu, na 6PR ni kipimo cha nguvu ya kiwiliwili cha tairi, ambacho hakimaanishi kwamba lina tabaka sita kamili. Namba 50 ni alama ya uzito: tairi hilo limeruhusiwa kubeba kilo 190, na herufi P inaonyesha mwendo usiozidi kilomita 150 kwa saa. Tairi lenye alama ya 41 hubeba kilo 145 tu, na haifai kuliweka nyuma ya pikipiki inayobeba abiria na mizigo. Maandishi yakiwa na mkwaju, kwa mfano 90/90-18, namba ya kwanza ni upana kwa milimita na ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, yaani milimita 81 katika mfano huu. Herufi TT humaanisha kwamba tairi linahitaji mpira wa ndani, na TL kwamba linaweza kutumika bila mpira huo, mradi rimu nayo iwe ya aina hiyo. Rimu za kawaida zenye spoki huvujisha upepo zikikosa mpira wa ndani.

Tafuta pia tarakimu nne mwishoni mwa alama ya DOT. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa haujatumika, na tairi lililotundikwa juani mbele ya duka huzeeka upesi zaidi. Likunje kidogo kwa vidole gumba na utazame ndani ya mifereji: ukiona nyufa nyembamba kama nywele, au mpira ukiwa mgumu usiobonyea, liache hata kama meno yake hayajaguswa. Tairi la namna hiyo hudumu muda mrefu kwa sababu ileile inayolifanya liteleze kwenye lami iliyolowa.

Upepo

Upepo hubadilisha tabia ya tairi zima bila gharama yoyote, na ndio unaopuuzwa zaidi. Pikipiki nyingi zenye injini ya cc 100 hadi 150 hutaka kama 25 psi mbele, na nyuma 28 psi dereva akiwa peke yake au 32 psi akiwa na abiria, yaani takriban bar 1.7, 1.9 na 2.2. Kipimo sahihi cha pikipiki yako kimeandikwa katika kitabu chake au kwenye kibandiko kilicho karibu na mnyororo, na hicho ndicho cha kufuatwa.

Upepo ukiwa mdogo mbele, usukani huwa mzito na pikipiki huchelewa kuingia kona. Ukiwa mdogo nyuma, mkia huyumba kila unapokwepa shimo. Katika makoro kuna hatari nyingine: jiwe huligandamiza tairi mpaka kwenye rimu, na mpira wa ndani hukatwa matundu mawili yanayotazamana. Fundi wa kwado, yaani wa kuziba matairi, akikuonyesha matundu ya namna hiyo, usitafute msumari. Ili kuepuka hilo, wengi hujaza upepo kupita kiasi, na huko nako ni kupotea. Tairi gumu hudunda juu ya kila jiwe, hupoteza mguso na ardhi kwa nukta ambazo breki zinahitajika, huchosha mikono na mgongo, na huisha katikati kwa haraka. Pima asubuhi kabla ya kuanza kazi, kwa kipimo halisi na si kwa kubonyeza kwa kidole, wala usipunguze upepo katikati ya siku kwa sababu tairi limepata moto, kwani ongezeko hilo ni la kawaida.

Kabla ya kulilaumu tairi, na siku ya kulibadilisha

Si kila mtikisiko hutoka kwenye tairi. Beringi za usukani zilizolegea, spoki zisizokazwa sawasawa na bushi za nyuma zilizokwisha huleta hisia inayofanana nao. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, zungusha gurudumu, na utazame ule mstari mwembamba unaozunguka tairi karibu na rimu. Mstari huo ukipanda na kushuka, tairi halikukaa vizuri au rimu imepinda. Mstari ukiwa sawa, shika gurudumu juu na chini ulisukume na kulivuta. Likicheza, tatizo liko kwenye beringi au bushi.

Tairi limekwisha pale uso wake unapolingana na vinundu vidogo vilivyo ndani ya mifereji, mahali palipoonyeshwa na herufi TWI ubavuni. Kuchonga mistari mipya kwa kisu katika tairi kipara ni kupunguza mpira ambao tayari hautoshi. Afadhali lipelekwe kwa watengenezaji wa chukudu, vile vyombo vya mbao vya kubebea mizigo, ambao hukata mpira wa matairi ya zamani kuvisha magurudumu yao ya mbao.

Fundi anapoweka tairi jipya, hakikisha mshale wa ubavuni unaelekea upande ambao gurudumu linazunguka, kwamba mpira wa ndani ni wa kipimo kilekile na haukujikunja, na kwamba valvu imesimama wima. Uso wa tairi jipya huwa na utelezi, hivyo katika kilomita 150 za mwanzo ongeza kulala kwenye kona kidogo kidogo, na uepuke breki kali, hasa mvua ikinyesha. Siku inayofuata pima upepo tena na uitazame valvu: ikiwa imeinama, tairi limezunguka juu ya rimu na kuuvuta mpira wa ndani, na inafaa kurudi kwa fundi kabla haijang'oka.