Namna ya Kukusanya Majoho, Bushuti na Kanzu za Kale Mjini Lamu

Mtu anayetaka kukusanya mavazi ya kale ya heshima ya wanaume mjini Lamu aghalabu huanza kwa kuulizia joho, ilhali hilo lingefaa liwe la mwisho. Joho la kale ni adimu, ni ghali na ni gumu kulihakiki, nalo halikuwa vazi la kila mwanamume, bali la liwali, kadhi, mwanachuoni na tajiri, na la bwana harusi siku yake. Anza na kofia za vito, zile za kitambaa zilizodariziwa vitundu, kisha kanzu, mpaka jicho lizoee kusoma mshono. Bushuti na joho vitakungoja.

Kofia ya vito ni mwalimu mzuri kwa sababu kazi yake yote iko wazi. Ipindue uitazame kwa ndani, mahali kipande cha juu cha mviringo kinapoungana na mzunguko wa pembeni. Katika kazi ya mkono vitundu havilingani kabisa, nyuzi zimefungwa hapa na pale, na ukiivuta taratibu utaona mishono ikitofautiana kwa kubana. Kazi ya mashine huenda kwa mwendo mmoja, na uzi wa chini huonekana ukifuata ule wa juu. Mstari wa jasho wa rangi ya kahawia kwenye ukingo usikutishe, kwani ni dalili ya kuvaliwa. Kinachopaswa kukutia shaka ni kofia inayosemwa kuwa ya kale huku jasho halijaigusa na mikunjo yake haijalegea.

Kanzu inahitaji subira zaidi. Iweke juu ya meza, usiitundike, kisha ikague kipande kwa kipande: badani za mbele na nyuma, taharizi za ubavuni, kikwapa kilichotiwa ili mkono upate nafasi, sijafu za mikononi, na lisani iliyo chini ya mpasuo wa shingo. Fundi wa zamani alijulikana hapo kikwapani, kwa sababu ndipo palipovutwa kila siku na ndipo palipofumuka kwanza. Mshono wa cherehani peke yake haukanushi ukale, maana cherehani zilienea duniani katika nusu ya pili ya karne ya 19. Yapo mavazi ambayo ubavu ulishonwa kwa cherehani na shingo ikadariziwa kwa mkono. Kitambaa ndicho kisemacho zaidi. Merikani, ile pamba nzito iliyoletwa pwani yetu kutoka viwanda vya Marekani katika karne hiyo ya 19, ina nyuzi zenye vifundo vidogo vinavyohisika kwa kidole, ilhali bafta na melimeli ni laini zaidi na ndizo zilizofaa kanzu ya kutokea. Kanzu ya poliesta, hata ikisifiwa kuwa ya babu wa babu, haiwezi kutangulia katikati ya karne ya 20. Angalia pia kama darizi ya shingoni ina umri sawa na kitambaa kinachoizunguka, kwa kuwa darizi nzuri huweza kukatwa kutoka kanzu iliyochakaa na kushonewa mpya. Kwa maoni yangu kanzu ya namna hiyo bado inafaa kununuliwa, mradi bei iwe ya darizi tu. Wapo wanaotumia tochi ya miale ya urujuanimno (UV) ili kugundua nguo mpya kwa mng'ao wake wa buluu; kipimo hicho kisikutawale, kwa sababu sabuni za unga za siku hizi hutia mng'ao huohuo katika nguo yoyote iliyofuliwa nazo.

Ukifika kwenye bushuti na joho, kwanza uvitenganishe. Bushuti ni nyepesi, ya sufu au manyoya ya ngamia, na zari yake, yaani darizi ya uzi wa fedha au dhahabu, hufuata ukingo wa shingo na kushuka kifuani. Joho ni zito zaidi, wazi mbele, na darizi yake yaweza kutambaa mpaka mikononi na mgongoni. Picha za zamani husaidia sana kuelewa umbo. Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888 wakati Lamu ikiwa chini ya himaya hiyo, alipigwa picha akiwa na joho na kilemba, na humo unaona vazi lilivyokaa begani na lilivyoachwa wazi ili kanzu na mshipi vionekane.

Zari ichunguzwe kwa kioo cha kukuzia mahali ilipofumuka. Zari ya kweli ni utepe mwembamba mno wa fedha, mara nyingi uliopakwa dhahabu, uliozungushwa juu ya uzi wa hariri au pamba. Hulemea mkononi na huingia weusi kadiri miaka inavyopita. Ile ya plastiki haiingii weusi, bali hubanduka. Weusi huo usiusugue kwa ndimu wala majivu, kwa kuwa dhahabu ni utando tu na itaondoka pamoja na uchafu.

Kabla ya kulipa, uliza vazi lilikuwa la nani na warithi wake ni wangapi. Nguo za marehemu ni sehemu ya mirathi, na ndugu mmoja hana ruhusa ya kuuza kilicho cha wote. Ukinunua bila ridhaa yao umenunua ugomvi wa nyumba nzima. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 nayo inakihesabu kuwa cha kale kitu kinachohamishika kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya 1895, na hakitolewi nje ya nchi bila kibali. Kwa hiyo joho lililoletwa kutoka Arabuni enzi hizo nalo limo. Ukiwa na shaka, waulize wataalamu wa Makumbusho ya Lamu kwanza.

Kuhifadhi ndiko kunakoshinda wengi, kwa sababu hewa yetu ina unyevu na chumvi. Nguo mpya kuingia nyumbani ifungwe vizuri ndani ya mfuko wa plastiki, iwekwe wiki mbili katika friza yenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, kisha iachwe ipate joto taratibu mpaka ilingane na joto la chumba kabla ya kufunguliwa, ili mayai ya nondo yafe na umande usiiloweshe. Baada ya hapo plastiki iondolewe kabisa. Joho lilazwe, mikunjo ikijazwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila wanga, na kasha la mbao litandikwe kitambaa hichohicho ili nguo isigusane na mbao. Kofia ivalishwe faroma, yaani kalibu yenye umbo la kichwa, na isitiwe wanga, maana wanga ni chakula cha wadudu. Fungua kasha upepo wa kaskazi unapovuma na hewa ni kavu, uanike kivulini, ukikague kila kipande. Wakati wa masika liache limefungwa.

Bila shaka atakuja jamaa kuomba joho kwa ajili ya harusi. Jasho na manukato ya usiku mmoja huweza kuharibu hariri iliyodumu miaka mingi, kwa hiyo mwelekeze kwa wanaokodisha, nawe umwazime bakora.