Kroshia kwa Aliyekwisha Kujua Kufuma kwa Sindano Mbili

Katika kikapu cha karibu kila mfumaji wa masweta ninayemfahamu hapa Moshi kuna sindano moja fupi yenye kulabu kwenye ncha, ambayo mwenyewe haihesabu kuwa kifaa cha kufumia. Huitoa pale tu kitanzi kinapochoropoka na kushuka mistari mitano au sita, kikiacha nyuma yake kitu kama ngazi. Hapo huingiza kulabu katika kitanzi kile, hunasa kidato cha kwanza cha ngazi, hukivuta kupitia kitanzini, na huendelea hivyo kidato baada ya kidato hadi kitanzi kirudi mahali pake. Aliyefanya kazi hiyo hata mara moja amekwisha kufuma cheni ya kroshia, ila aliifuma ndani ya sweta na hakuipa jina. Somo hili ni kwa ajili yake.

Tofauti moja ndiyo inayozaa nyingine zote. Kwenye sindano mbili, vitanzi vyote vya mstari viko hai kwa wakati mmoja, na sindano yenyewe ndiyo inayokuonyesha pa kuingia: unachukua kitanzi kinachofuata, basi. Kwenye kroshia kitanzi kilicho hai ni kimoja tu, kile kilicho kwenye kulabu, na vingine vyote vimekwisha kufungwa. Faida yake ni kwamba sindano ikichomoka hakuna maafa. Hasara yake ni kwamba hakuna anayekuonyesha mshono unaofuata uko wapi, bali ni lazima ujifunze kuusoma kwenye kitambaa chenyewe. Wafumaji wa masweta huwa na mikono mizuri tangu siku ya kwanza, lakini hushindwa kwa macho, na ndiyo maana nitakaa zaidi kwenye kuhesabu na kuona kuliko kwenye kushika.

Vifaa

Chukua uzi wa unene wa kati, laini, wa rangi nyepesi, na sindano ya kroshia ya milimita 4 au 5. Usianze na uzi mweusi, wala uzi wenye manyoya manyoya, kwa sababu hutaona mshono. Usianze pia na uzi mwembamba wa pamba na sindano ya chuma ya chini ya milimita 2, ingawa najua wengi wenu mmevutwa huku na vitambaa vya makochi. Vitambaa hivyo vitakuja, lakini si mwezi huu.

Waliorithi sindano za zamani zenye namba za Kiingereza wakumbuke kwamba namba hizo hupanda kadiri sindano inavyokuwa nyembamba: namba 8 ni milimita 4, namba 10 ni milimita 3.25, na namba 6 ni milimita 5.

Uzi wa kujifunzia hauhitaji kuwa mpya. Mimi huenda Kiborloni, natafuta sweta la mtumba la sufu au akriliki, na kulifumua. Kabla ya kulipa, geuza sweta ndani nje na uangalie mishono ya ubavuni. Ikiwa kingo zimekatwa na kuzungushiwa uzi wa cherehani, liache, maana ukilifumua utapata vipande vya urefu wa mkono mmoja mmoja. Ikiwa kingo ni nzima na zimeunganishwa tu, uzi utatoka mrefu. Uzi uliofumuliwa huwa na mikunjo, kwa hiyo uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uloweke kwenye maji ya uvuguvugu na uuanike ukining'inia.

Hatua ya kwanza: kushika

Kama umezoea kurusha uzi kwa mkono wa kulia, hii ndiyo hatua itakayokuudhi, kwa sababu kwenye kroshia mkono wa kulia unashika sindano peke yake na uzi unahamia kushoto. Pitisha uzi juu ya kidole cha shahada cha kushoto, na uuzungushe mara moja kwenye kidole cha mwisho ili usikimbie. Sindano unaweza kuishika kama kalamu au kama kisu cha kumenyea viazi, na sitagombana na mtu kuhusu hilo. Kubali tu kwamba nusu saa ya kwanza itakuwa ya aibu.

Hatua ya pili: cheni

Funga kitanzi cha kuanzia, kile kile unachokijua, ukitie kwenye sindano. Pitisha kulabu chini ya uzi ili uzi ulale juu yake, kisha uuvute kupitia kitanzini. Hiyo ni cheni moja. Fuma 20, uzifumue, ufume tena, hadi zilingane.

Mfumaji wa masweta ana tabia ya kukaza uzi kidogo baada ya kila kitanzi. Tabia hiyo ni njema kwenye sindano mbili, lakini hapa inaua, kwa kuwa cheni iliyokazwa haitaruhusu kulabu irudi kuingia. Kitanzi kipimwe kwenye mwili wa sindano, pale palipo na unene wake kamili, na si kwenye shingo nyembamba iliyo karibu na kulabu. Ikishindikana, fuma cheni kwa sindano iliyozidi kwa milimita 1, kisha urudi kwenye ile ya kazi. Unapohesabu, kitanzi kilicho kwenye sindano hakihesabiwi.

Hatua ya tatu: mshono mfupi

Kila kikundi cha akina mama kina majina yake ya mishono, nami hapa nitatumia ya darasani kwangu. Fuma cheni 21. Ruka moja iliyo karibu na sindano, ingiza kulabu katika ya pili, nasa uzi, uvute utokeze. Sasa una vitanzi viwili kwenye sindano. Nasa uzi tena, uvute kupitia vyote viwili. Huo ni mshono mfupi. Ukifika mwisho utakuwa na mishono 20. Fuma cheni moja, geuza kazi, uanze mstari wa pili katika mshono wa kwanza kabisa.

Sasa itazame kazi kutoka juu. Utaona kila mshono umevaa kichwani nyuzi mbili zilizokaa mfano wa herufi V iliyolala. Kulabu hupita chini ya nyuzi zote mbili, isipokuwa maelezo yaseme vinginevyo. Hesabu V hizo kila mwisho wa mstari kwa angalau mistari 10 ya kwanza. Nalisisitiza hili kwa sababu aliyezoea kusoma vitanzi vilivyopangwa kwenye sindano hudhani anaona, kumbe anakisia.

Hatua ya nne: mshono mrefu, na pembe zake

Fuma cheni 22. Nasa uzi kwanza kabla ya kuingia, kisha ingiza kulabu katika cheni ya nne kutoka kwenye sindano, nasa, uvute utokeze. Vitanzi sasa ni vitatu. Nasa, uvute kupitia viwili. Nasa tena, uvute kupitia viwili vilivyobaki. Endelea hadi mwisho, na utapata mishono 20, kwa maana zile cheni tatu ulizoziruka zimesimama mahali pa mshono wa kwanza.

Hapa ndipo ninapowapoteza wanafunzi. Ukigeuza kazi, unafuma cheni tatu ili kuufikia urefu wa mstari mpya, na cheni hizo zenyewe ni mshono. Kwa hiyo mshono unaofuata hauingii pale zilipochipukia cheni, bali unaingia katika V ya pili. Mwishoni mwa mstari, mshono wa mwisho unaingia juu ya cheni tatu za mstari uliotangulia, ambazo hazifanani na mshono na hujificha pembeni kama mtoto aliyevunja kikombe. Ukiingia mahali pasipo pake mwanzoni, unaongeza mshono, na ukisahau cheni za mwisho, unapunguza.

Kabla ya kufuata maelezo ya Kiingereza

Waingereza na Wamarekani hutumia majina yale yale kwa mishono tofauti. Katika maelezo ya Uingereza herufi "dc" ni mshono mfupi, ilhali katika maelezo ya Marekani herufi hizo hizo ni mshono mrefu. Vivyo hivyo "tr" ya Uingereza ni mshono mrefu tuliojifunza, na "tr" ya Marekani ni mrefu zaidi, ambao unanasiwa uzi mara mbili kabla ya kuingia. Ukiona "sc" (single crochet, yaani mshono mfupi) popote, maelezo ni ya Marekani, kwa sababu Waingereza hawana mshono wa jina hilo. Usipoiona, tazama mwanzo wa mstari: "dc" iliyotanguliwa na cheni tatu ni ya Marekani, na iliyotanguliwa na cheni moja ni ya Uingereza. Mimi niliwahi kufuma blanketi zima la mtoto kwa kusoma maelezo ya Uingereza kana kwamba ni ya Marekani, likatoka na matundu ya kupitisha vidole na urefu wa kumfunika baba yake. Nililifumua lote.

Jinsi kitambaa kinavyotofautiana

Kroshia ni nene zaidi, hainyumbuki kama kazi ya sindano mbili, na hula uzi zaidi kwa eneo lile lile. Kwa hiyo usichukue vipimo vya sweta lako la kawaida ukavihamishia kwenye kroshia. Sweta la mtoto wa shule wa Machame au Marangu, anayetoka nyumbani alfajiri ya Julai, liendelee kufumwa kwa sindano mbili, hasa mikono na kiuno, ambako panatakiwa kubana na kurudi. Kroshia iache ifanye mabegi, makofia, mablanketi ya vipande na vitambaa. Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba mpaka leo hakuna mashine ya kiwandani inayofuma kroshia ya kweli, kwa hiyo ukikuta begi la kroshia linauzwa kwa bei ya kutupa, kuna mkono wa mtu uliolipwa kidogo mno.

Maswali ya wanakikundi

*Mama wa Sakina, Arusha:* Mwalimu, nilianza na mishono 20 na sasa nina 14, kitambaa kimekuwa kama kipande cha keki. Nimefuata kila kitu.

Pole, mama, lakini umesahau cheni tatu za mwisho, mara sita. Tia pini ya kawaida juu ya cheni ya tatu kila unapoanza mstari. Ukirudi upande huo, pini itakuonyesha pa kuingia, nawe utaihamisha. Usijaribu kurekebisha kwa kuongeza mishono katikati. Fumua hadi mstari ulioharibika, maana kwenye kroshia kufumua ni kuvuta uzi tu na kukamata kitanzi kimoja.

*Dada wa Majengo, Moshi:* Nafuma kofia ya mviringo kwa mshono mfupi. Ya kwanza ilijikunja kama bakuli mapema mno, ya pili imefanya mawimbi kama pindo la gauni.

Bakuli maana yake mishono ni michache, na mawimbi maana yake imezidi. Kwa mshono mfupi anza na 6, mzunguko wa pili 12, wa tatu 18, wa nne 24, yaani unaongeza 6 kila mzunguko. Kwa mshono mrefu anza na 12 na uongeze 12. Kitako kikifikia upana wa utosi, acha kuongeza, na kofia itashuka yenyewe.

*Bibi wa Kibosho:* Mwanangu, macho yangu hayaoni tena uzi mwembamba, lakini nataka vitambaa vya meza vya Krismasi vinavyosimama vizuri.

Shikamoo, bibi. Tumia uzi wa pamba mnene zaidi na sindano ya milimita 3. Ua litakuwa kubwa kidogo, na mezani litapendeza. Ili kisimame, kifue, ukichovye kwenye uji mwepesi wa wanga wa muhogo, ukikamue bila kukisokota, kisha ukitandaze juu ya taulo na ukivute kwa pini kila pembe hadi kikauke. Hiyo ni kwa pamba. Kitambaa cha akriliki usikipitishe pasi ya moto, kitalegea na hakitarudi.

*Kijana wa Ngarenaro, Arusha:* Natumia mkono wa kushoto. Kufuma kwa sindano mbili nilijilazimisha kulia. Je, na huku nijilazimishe?

Hapana. Kwenye sindano mbili mikono yote miwili inafanya kazi, kwa hiyo uliweza kuvumilia, lakini hapa mkono mmoja ndio unaobeba karibu kila kitu. Shika sindano kushoto, uzi kulia, na mstari wako utakwenda kutoka kushoto kuelekea kulia. Ukija darasani, usikae pembeni yangu bali ukae mbele yangu, tutazamane, uige kama unavyojiona kwenye kioo.

*Mfumaji wa Njiro, Arusha:* Nimemaliza sweta la vifungo kwa sindano mbili na nataka kulizungushia ukingo wa kroshia. Nimejaribu, upande wa mbele umejikunja mawimbi ingawa shingoni pametulia.

Shingoni ulikofungia vitanzi, mshono mmoja kwa kitanzi kimoja unatosha, ndiyo maana pametulia. Huko mbele, kwenye ubavu wa kitambaa, unahesabu mistari, si vitanzi, na katika ufumaji wa kawaida mstari ni mfupi kuliko upana wa kitanzi. Ingia katika mistari mitatu, ruka wa nne, uendelee hivyo, na kwenye pembe weka mishono mitatu mahali pamoja ili ukingo ugeuke bila kuvuta. Tumia sindano iliyopungua kidogo kuliko zile ulizofumia sweta, na matundu ya vifungo uyaache katika mstari wa pili wa ukingo: cheni mbili, ruka mishono miwili, endelea.