Kulainisha plastiki kwa gesi, bila kuichoma

Polikaboneti, plastiki ngumu na angavu, ikiwa kavu, yaani haina gesi ndani, hulainika ikikaribia nyuzi 150 za Selsiasi, kwa hiyo maji ya nyuzi 90 hayaitishi. Ilaze kwanza ndani ya kaboni dayoksaidi iliyoshindiliwa, na maji hayohayo yataiumua.

Kata vipande viwili vya unene wa milimita 1. Kimoja kibaki mezani cha kulinganishia. Kingine kipime uzito, kisha kifungie kwenye chombo kilichotengenezwa kuhimili shinikizo. Chombo cha kuokoteza kitakulipukia. Madirisha yawe wazi, maana gesi hii ikijaa chumbani hukata pumzi. Fungulia gesi kidogo kidogo hadi geji ya shinikizo isome baa 50, ukiache siku mbili. Muda huu hauibiwi: unene ukizidi mara mbili, kungoja huzidi mara nne. Niliwahi kutoa kipande cha milimita 3 baada ya siku moja. Kiliumuka ngozi tu, moyo wake ukabaki kama ulivyoingia.

Kila ninayemfundisha hudhani shinikizo ndilo linalolainisha. Basi mwambie ajaribu heliamu kwa baa zilezile. Plastiki haitalegea, kwa kuwa heliamu huyeyuka kidogo mno ndani yake, na kubanwa kwenyewe huikaza minyororo ya polima, yaani molekuli ndefu zinazounda plastiki. Kaboni dayoksaidi huingia katikati ya minyororo na kuipa nafasi ya kuteleza. Ndipo joto la kulainika linaposhuka.

Shusha shinikizo taratibu. Si kwa ajili ya kipande tu: mpira wa kuzibia nao umekunywa gesi, na ukiharakisha hutoka malengelenge. Mimi nimeshatupa mitatu. Pima kipande tena upesi, kwani kinavuja kila dakika. Uzito uliozidi ndio gesi iliyoingia. Kishike kwa koleo, kizamishe kwenye maji ya nyuzi 90 kwa nusu dakika pamoja na mwenzake. Kilicholazwa kwenye gesi kitageuka cheupe kwa viputo vidogo, cha kulinganishia kitatoka kiangavu vilevile. Kitoe ukitie maji baridi.

Ukitaka kujua joto lenyewe limeshuka hadi wapi, usipashe kipande kwenye kikombe kilicho wazi cha mashine ya kupimia joto la kulainika. Gesi hutoroka kabla hakijalainika, nawe ukaandika daftarini joto la plastiki iliyokwisha kukauka.